Uzoefu wangu na Robot Framework: maktaba yako inaishi mpaka lini?

Kazi yangu ni kupima programu, na majaribio yangu karibu yote nayaandika kwa Robot Framework. Chombo hiki kilizaliwa Nokia, kule Finland, kikaachiwa umma bure mwaka 2008. Wengi hukisifia kwa sababu majaribio yake yanasomeka kirahisi. Mimi nazungumzia jambo lisilosemwa sana: uhai wa maktaba, yaani mikusanyiko ya amri za majaribio unazokiandikia chombo hiki kwa lugha ya Python.

Ukiandika maktaba kama klasi (kiolezo ambacho Python hukitumia kutengeneza nakala) bila kutaja lolote, kila jaribio linapewa nakala yake mpya. Ulichoweka kwenye self, yaani ndani ya nakala yenyewe, katika jaribio la kwanza, la pili halikioni. Kwangu huo ndio utaratibu sahihi. Majaribio yanayorithishana data yanapita leo, kesho ukiyapanga upya yanaanguka, na mchawi haonekani.

Ukitaka vingine, unaongeza mstari mmoja ndani ya klasi, ROBOT_LIBRARY_SCOPE. SUITE inakupa nakala moja kwa faili zima la majaribio. GLOBAL, nakala moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Maktaba yangu ya hifadhidata nimeiweka SUITE, maana kufungua muunganisho upya kwa kila jaribio kulikuwa kunakula muda bure. Kuufunga namwachia msikilizaji (listener) wa maktaba, sehemu inayoarifiwa na Robot mambo yanapotokea: Robot yenyewe inaita close pale nakala inapomaliza muda wake. Hilo limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu hata majaribio yakifeli vibaya, miunganisho haibaki ikining'inia.

Malalamiko yangu yapo kwenye Suite Setup, yaani maandalizi yanayofanyika mara moja kabla ya majaribio ya faili. Maktaba ikiwa kwenye TEST, ambao ndio mpangilio wa kawaida, Suite Setup na Suite Teardown (usafishaji wa mwishoni) zina nakala yao peke yao, tofauti na za majaribio. Sasa chukua maktaba inayoingia kwenye mfumo wakati wa Suite Setup na kuhifadhi self.tokeni, yaani kibali cha kuingilia. Maandalizi yanapita salama, ripoti kijani kabisa. Jaribio la kwanza likiisoma tokeni, linakuta None, yaani patupu. Onyo hakuna. Mwongozo rasmi umelieleza hili waziwazi, lakini nani husoma mwongozo kabla mambo hayajaharibika? Ningeomba kumbukumbu (log) za uendeshaji wa majaribio zitaje ni nakala ipi imefanya kazi.

Maktaba iliyoandikwa kama moduli tupu, yaani faili la Python lisilo na klasi, ni GLOBAL siku zote, upende usipende. Na ukiingiza maktaba ileile mara mbili kwa vigezo tofauti, unapata nakala mbili hata kama umeandika GLOBAL.

SeleniumLibrary, maktaba ya kuendesha kivinjari, nayo ni GLOBAL, kwa sababu ya msingi: kivinjari kimoja kiweze kutumika na majaribio mengi. Gharama yake ni kwamba usafi unabaki juu yako. Faili lisilo na Close All Browsers (amri ya kufunga vivinjari vyote) kwenye Suite Teardown linawaachia majirani madirisha wazi na vidakuzi vya mtu mwingine.

Wanaotumia Pabot, chombo cha kuendesha majaribio ya Robot sambamba, wasilitegemee sana neno GLOBAL. Kila mchakato una nakala yake, na kwa kawaida Pabot hulipatia kila faili mchakato wake. Kama majaribio yanagombania akaunti moja, tumia kufuli za PabotLib, maktaba ya Pabot, ili yapokezane. GLOBAL haitakusaidia hapo.