Bima ya Afya na Dawa za Kila Siku: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja
Kwa mwaka mmoja nimemlipia mama yangu, mkazi wa Majengo hapa Mombasa, bima ya kampuni moja ya binafsi. Huduma ya kulazwa ni nzuri. Kwenye dawa ndiko kwenye uchungu: maradhi sugu yamewekewa kikomo chake cha malipo ndani ya kikomo cha matibabu ya nje, yaani yasiyo ya kulazwa, kwa hivyo mgonjwa wa kisukari na shinikizo la damu, ambaye hawezi kukosa dawa hata siku moja, humaliza fungu lake mapema na kuanza kulipa mfukoni, ilhali kadi bado ina fedha ambazo haruhusiwi kuzigusa. Aidha, kila tunapochukua dawa tunachangia kutoka mfukoni kiasi kile kile, ziwe za mwezi mmoja au za miezi mitatu. Haya tuliyajua kwa hisani ya mfamasia wa Makadara, si kwa wakala aliyetuuzia bima, na Mungu amlipe mfamasia huyo, kwani ndiye aliyetushauri kumwomba daktari aandike metformin ya kawaida, dawa ya kisukari, badala ya ile inayouzwa kwa jina la kibiashara la Glucophage, maadamu kiambato ni kimoja na bei ni nafuu. Kwa kijana mwenye afya ningeipendekeza bima hii. Kwa mzee wa dawa za kudumu, siwezi.