Reli ya Talyllyn Mbele ya Kamera: Tathmini ya Mpiga Filamu Mwenye Tiketi ya Kawaida

Mabehewa ya Reli ya Talyllyn, iliyoko magharibi mwa Wales, hufunguka upande mmoja tu. Abiria anaweza kushinda humo siku nzima asilitambue jambo hilo, kwa kuwa majukwaa nayo yako upande huohuo, lakini aliyekuja na kamera kutafuta historia na uendeshaji wa reli ya mashambani hana budi kuanzia hapo. Njia hii ilijengwa mnamo 1865 ili kushusha mawe ya sleti, yale yanayopasuliwa kuwa vigae vya kuezekea, kutoka machimbo ya Bryn Eglwys hadi mji wa Tywyn. Mkaguzi wa serikali, Kapteni Henry Tyler, alipofika mwaka 1866 kuikagua kabla haijaruhusiwa kubeba abiria, alikuta kwamba madaraja yanayopita juu ya reli yalikuwa yamejengwa membamba mno: kati ya ubavu wa behewa na ukuta wa daraja ilibaki nafasi ya kama sentimita 58 kila upande, ilhali iliyotakiwa ilikuwa sentimita 76. Badala ya kuyabomoa madaraja, ilikubaliwa kwamba reli zisogezwe kando kidogo chini ya kila daraja, nafasi iongezeke upande mmoja, na milango ya upande wa pili ifungwe moja kwa moja, ili treni ikikwama hapo chini abiria wapate pa kutokea.

Niliirekodi hali hiyo nikiwa nimekaa katikati ya behewa, lenzi pana ikiwa imetazama mbele ili madirisha ya pande zote mbili yaonekane kwa pamoja. Treni ilipoingia chini ya daraja, dirisha la upande usio na milango lilijaa mawe ghafla, karibu kiasi kwamba nilihesabu mistari ya chokaa kati ya jiwe na jiwe, huku dirisha la upande wa pili likibakisha utepe mwembamba wa mwanga wa mchana. Tukio lote lilidumu sekunde chache. Hata hivyo, picha hiyo moja inaeleza uamuzi wa mwaka 1866 vizuri kuliko msimulizi yeyote ambaye ningemweka nyuma yake, na inaueleza kama utaratibu unaofuatwa hadi leo. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuisifu huduma hii kwa watu wa kazi yangu. Katika reli nyingi za kumbukumbu, historia imetundikwa ukutani na treni inatembea peke yake. Hapa mtu akirekodi kwa makini namna treni inavyofanya kazi, historia inaingia yenyewe ndani ya fremu.

Nieleze kwanza nilichokuwa ninakipima. Nilipanda kwa siku 3, kwa tiketi ya kawaida, bila kuomba nafasi kwenye chumba cha dereva wala ruhusa ya kuingia karakana. Kila nilichorekodi nilikirekodi nikiwa jukwaani, ndani ya behewa au kwenye njia za umma za waenda kwa miguu. Reli yenyewe ina urefu wa kilomita 11.7, kutoka kituo cha Tywyn Wharf hadi Nant Gwernol, na geji yake, yaani upana kati ya reli mbili, ni milimita 686 tu, kipimo ambacho ni adimu hata miongoni mwa reli nyembamba za Uingereza. Wafanyakazi wa kulipwa ni wachache. Anayekukatia tiketi, anayepepea bendera na anayekoleza moto kwa kawaida ni watu wa kujitolea.

Injini zinahitaji jicho la taratibu. Zile mbili za mwanzo, Talyllyn ya mwaka 1864 na Dolgoch ya mwaka 1866, zilitengenezwa na kampuni ya Fletcher, Jennings ya Whitehaven, na zote mbili bado zipo kwenye njia ileile ziliyonunuliwa kuihudumia. Mpiga picha mwenye haraka ataelekeza kamera kwenye bomba la moshi na kuondoka. Mwenye subira ashuke chini, aangalie magurudumu ya nyuma ya Talyllyn, madogo kuliko mengine. Hayakuwepo ilipotoka kiwandani. Yaliongezwa baada ya Kapteni Tyler kulalamika kwamba injini hiyo ilikuwa ikirukaruka juu na chini. Mkaguzi yuleyule aliyefunga milango alibadilisha pia umbo la injini, na kwa mtu anayehariri filamu hiyo ni zawadi: unakata kutoka mlango uliofungwa hadi gurudumu lililoongezwa, na mtazamaji anatambua mkono wa mtu mmoja.

Kuhusu namna reli hii ilivyonusurika, simulizi inajulikana sana kwa wapenzi wa reli, nami nitaigusa kwa kadiri inavyohusu kamera. Mbunge wa eneo hilo, Sir Henry Haydn Jones, aliinunua mwaka 1911. Machimbo yalifungwa baada ya kuporomoka mwishoni mwa 1946. Yeye aliendelea kuziendesha treni za abiria hadi alipofariki mwaka 1950. Mwandishi Tom Rolt na wenzake waliitisha mkutano Birmingham mwezi Oktoba mwaka huohuo, na mwezi Mei 1951 treni zikaanza kuendeshwa na chama cha watu wa kujitolea, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika kwenye reli yoyote duniani. Njia ilikuwa imechakaa vibaya, majani yamefunika mataruma, na katika injini zile mbili za awali ni Dolgoch pekee iliyoweza kutembea. Chama kilinunua injini 2 kutoka Reli ya Corris iliyokuwa imefungwa mwaka 1948, kila moja kwa pauni 25, kwa sababu geji zilifanana. Zilifanana kwenye karatasi. Moja kati ya hizo, iliyopewa jina la Sir Haydn, ilikuwa ikidondoka reli mara kwa mara, kwa kuwa reli za Talyllyn zilikuwa zimeachana kidogo kupita kipimo na magurudumu yake yalikuwa membamba.

Kamera zilifika mapema. Mwaka 1953 Mmarekani Carson Davidson alipiga filamu kwenye njia hii, na mwaka 1957 BBC ikarusha matangazo ya moja kwa moja ya televisheni kutoka hapo. Nayataja haya kwa sababu yanamwekea mgeni kipimo kigumu: watu wa wakati ule walirekodi reli iliyokuwa ikihangaika kuishi, yenye majani yanayogusa vidato vya mabehewa, na picha za namna hiyo hazipatikani tena. Njia ya sasa ni safi, kokoto zimepangwa, na mabehewa yanang'aa. Anayekuja kutafuta uchakavu ataondoka mikono mitupu. Anayetaka kuona kazi ikifanywa atapata zaidi ya anachoweza kubeba.

Kazi hiyo inaonekana vyema zaidi penye njia za kupishana, yaani Pendre, Brynglas na Quarry Siding. Reli hii ni ya njia moja, kwa hiyo dereva haruhusiwi kuingia kipande chochote cha njia bila kushika tokeni, yaani chuma maalumu cha ruhusa, ya kipande hicho, na tokeni ya kipande kimoja ikiwa mkononi mwa dereva, nyingine haiwezi kutolewa kwa treni inayokuja upande wa pili. Kanuni hii nimewahi kuisoma mara nyingi, lakini sikuielewa kwa mwili hadi nilipokaa Brynglas nikingoja. Kwa dakika kadhaa hapakuwa na kitu ila mlio wa kondoo. Kisha kengele ikalia ndani ya kibanda, mtu akatoka bila haraka, akavuta wenzo wa kubadili njia kwa uzito wa mwili mzima, akasimama ameshika kipande cha chuma kisichozidi urefu wa mkono wa mtoto. Injini ikakaribia polepole, mkono ukatoka dirishani, vyuma viwili vikabadilishana mikono, na wote wawili wakainua vidole kusalimiana. Niliirekodi mara 4 kwa siku 2, na ile niliyoitumia ni ya nne, kwa sababu mara tatu za mwanzo nilikuwa nikiifuata injini kwa kamera badala ya kuifuata mikono.

Gadi, yaani msimamizi wa treni, naye asisahaulike. Katika treni ya zamani lipo behewa la breki lenye kidirisha cha kukatia tiketi, kwa ajili ya vituo vidogo ambavyo havikuwa na karani, na kidirisha hicho kikiwa na mwanga wa asubuhi ni picha ambayo haihitaji taa ya ziada.

Mpiga filamu apange siku yake kwa kufuata mwinuko. Njia inapanda kutoka Tywyn kwenda bondeni juu, kwa kuwa mawe yaliyokuwa mzigo yalitakiwa kuteremka, na injini huelekeza bomba la moshi upande wa kupanda. Wakati wa kurudi inatangulia kinyumenyume, mvuke umepungua na mapigo yamenyamaza. Kwa hiyo picha za nguvu na sauti za nguvu zote ziko safari ya kwenda, hasa karibu na daraja la matofali la Dolgoch lenye matao 3. Mimi niliharibu siku ya kwanza yote kwa makosa yangu mwenyewe: niliiachia kamera ijipimie mwanga, na kila mvuke mweupe ulipopita mbele ya msitu mweusi picha ikapauka na kuzama kama mtu anayepepesa macho, tena nilikuwa nimeiacha nyumbani manyoya ya kukinga kinasa sauti na upepo, na kwenye behewa la wazi upepo ukala kila kitu. Siku ya pili nilifunga kipimo cha mwanga kwa mkono, nikakihesabia mvuke wenyewe, nikakifunika kinasa kwa soksi ya sufu. Ilifaa.

Yapo mambo ya kupunguzia alama. Katika majira ya joto miti imeshiba majani kiasi kwamba sehemu kubwa ya njia haionekani kutoka ng'ambo ya bonde, na nilipanda kilima kimoja kwa saa nzima nikaambulia mstari wa moshi unaotembea juu ya miti. Majani yakipukutika mandhari hufunguka, lakini wakati huo treni nazo ni chache. Barabara inafuata bonde, hivyo mwenye gari anaweza kuitangulia treni na kuipata mara mbili au tatu, ila asijaribiwe kuingia njiani kutafuta pembe nzuri zaidi. Ni kosa kisheria, na vilevile ni hatari kwenye njia yenye kona na madaraja membamba. Anayekusudia kuuza filamu yake aombe ruhusa kwa maandishi mapema. Jumba la makumbusho la reli nyembamba pale Tywyn Wharf linafaa kutembelewa kabla ya kupanda, wala si baada; mimi nilifanya kinyume, nikagundua mambo 3 ambayo ningeyarekodi kama ningeyajua.

Siku ya mwisho nilishuka Nant Gwernol, kipande ambacho kilibeba mawe tangu mwanzo lakini hakikufunguliwa kwa treni za abiria hadi 1976. Hakuna kijiji hapo. Injini hujitenga, huzunguka mabehewa na kujifunga upande wa pili, na wakati huo wa dakika chache abiria wengi hubaki jukwaani wakiitazama. Nilikigeuza kinasa sauti upande wa pili, kuelekea mteremko wa kale ambako mabehewa ya mawe yalishushwa kwa kamba kutoka machimboni, sasa umefunikwa na miti. Tangu mwaka 2021 eneo hilo la machimbo pamoja na reli hii vimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Katika rekodi hiyo maji ya kijito yanasikika kwa karibu, na nyuma yake, kwa mbali, mlio wa minyororo ikifungwa na mtu akisema kwa Kiingereza cha pale kwamba wako tayari.