Post-it ya 76 kwa 76: tumeipima kwa kikao cha mabadiliko

Kwa kuandika namba ya simu mezani, karatasi yoyote ya kunata inatosha. Kazi tunayoipimia hapa ni nyingine: kampuni ya miaka mingi inataka kubadili utaratibu, wafanyakazi wanaitikia "sawa bosi" kikaoni, kisha wakitoka wanaendelea na mambo yao ya zamani. Pingamizi lipo, ila halisemwi. Kwa hali hiyo, kitita cha Post-it halisi ya 3M, kampuni ya Marekani inayoitengeneza, milimita 76 kwa 76, karatasi 100, kina faida kuliko slaidi 40 za mkurugenzi.

Tuanze na gundi, maana ndiyo bei unayolipia. Si utando mmoja uliopakwa. Ni vijitufe vidogo sana vya akriliki vinavyougusa ukuta sehemu chache tu, kwa hiyo karatasi inabanduka na kubandikwa tena mara kadhaa. Chini ya gundi kuna tabaka jembamba linaloizuia isihamie ukutani. Karatasi nyingi za bei ya chini hukwama hapo: ama zinaacha unata kwenye rangi, ama zinadondoka kabla ya chai ya saa nne. Ukiwa dukani, omba ubandike moja kwenye kioo, iache dakika chache, ibandue, kisha pitisha kidole gumba mahali ilipokuwa. Pakiwa na unata, rudisha.

Namna ya kubandua nayo ina maana. Ukiivuta kutoka chini kwenda juu, karatasi inajikunja na ukutani inasimama kama kigae kilichoinuka, feni ikipuliza inaondoka. Ibandue kwa upande, ukifuata ukingo wenye gundi. Ukuta wa chokaa, au wa rangi ya maji inayotoa vumbi, hauishiki hata iwe halisi. Tandika kwanza karatasi kubwa za bango kitita kwa selotepu, bandika juu yake. Kwa ukumbi usio na kiyoyozi mjini Mombasa au Dar es Salaam, chukua aina ya Super Sticky, inayong'ang'ania zaidi.

Sasa kikao chenyewe. Tuseme kampuni inahamisha stoo kutoka kwenye leja kwenda kwenye mfumo wa kompyuta. Watu 12, karatasi 5 kila mmoja, ni 60. Kitita kimoja kinatosha na akiba inabaki. Swali liwe moja na liandikwe ubaoni: mfumo huu ukianza Jumatatu, nini kitaharibika? Dakika 10 za kuandika kimya, wazo moja kwa karatasi, maneno yasizidi 8 au 9, kwa makapeni na si kalamu ya wino, ili yasomeke kutoka hatua tatu. Neno moja kama "mafunzo" halifai. Mrudishie mwandishi aseme nani hajui nini. Mkubwa wa ofisi haandiki wala haongei mpaka karatasi zote ziwe ukutani. Akitangulia kusema, mtakusanya maoni yake yeye kwa miandiko 12.

Miandiko inajulikana, hasa penye watu wachache. Kwa hiyo waandike kwa herufi kubwa, mwezeshaji azikusanye, azichanganye, ndipo azibandike. Kugawa rangi kwa idara ni kosa tunaloliona sana: karatasi ya waridi inamwanika mtunza stoo palepale. Rangi moja kwa wote. Na kwa mpakiaji au dereva ambaye kuandika si kazi yake ya kila siku, achague mwenyewe mtu wa kumwandikia, asiwe msimamizi wake.

Baada ya hapo watu wanasogeza karatasi zinazofanana zikae pamoja, bila kuzungumza, dakika 15. Hapa ndipo karatasi hii inapojilipia, kwa sababu yanajitokeza ambayo hakuna mshauri angeyajua. Mtandao ukikata, nani atatoa mzigo? Na lile zito zaidi: upungufu wa zamani utaniangukia mimi. Mtunza stoo anayepinga kompyuta mara nyingi haogopi kompyuta. Anaogopa hesabu ya siku ya kwanza itakayoonyesha pengo alilorithi. Mafunzo ya wiki nzima hayatibu hilo. Dawa yake ni kuhesabu mzigo mara mbili kabla ya kuhama, pande zote zitie saini, na uongozi uandike kwamba tofauti ya kabla ya tarehe hiyo haitakatwa kwenye mshahara wa mtu.

Bidhaa hii yenyewe ilipata shida kukubalika nyumbani kwao. Spencer Silver aliipata gundi hiyo mwaka 1968 katika maabara za 3M akitafuta gundi kali. Akaizungusha kwa wenzake miaka kadhaa na hakuna aliyeiona kazi yake. Mwaka 1974 Art Fry, mwenzake wa 3M aliyesumbuliwa na vialamisho vilivyoanguka kutoka kitabu chake cha nyimbo za kwaya, akaipa matumizi. Mwaka 1977 kampuni ikaiuza kwa majaribio katika miji minne kwa jina Press 'n Peel, soko likadorora. Mwaka uliofuata wakaenda Boise, Idaho, wakagawa bure maofisini, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojaribu wakasema watanunua. Mwaka 1980 ikaingia Marekani nzima. Maelezo hayakuwashawishi watu. Kuishika mkononi kuliwashawishi. Ndiyo sababu, baada ya kikao, tunapendekeza mfumo mpya ukae wiki mbili kwenye dirisha moja la kutolea mzigo, leja ikiendelea kando, kabla ya kutangazwa kwa matawi yote.

Upungufu wa Post-it ni kumbukumbu. Hudumu ukutani siku chache, kisha mfagiaji anaziokota. Zipe namba, zipige picha, na siku hiyo hiyo kila kundi liandikiwe jina la mhusika na tarehe. Zikiishia kwenye droo, kikao kijacho utarudishiwa karatasi tupu, na watakuwa na haki.

Bei ya halisi iko juu mno ukilinganisha na zile zisizo na jina. Nunua vitita viwili vya halisi kwa ajili ya ukuta, za bei ya chini ziende mezani. Bajeti ikigoma kabisa, kata karatasi za A4 vipande vinne na ubandike kwa selotepu. Utapoteza muda wakati wa kuzihamisha, lakini maswali yatatoka yale yale.