TAHADHARI: Wanaouza vyumba hewa Dodoma

Ndugu mnaokuja Dodoma kwa shughuli za wizara, vikao vya Bunge, usaili wa ajira, kuuguza mgonjwa au kupeleka mtoto chuoni: kuna watu wanauza vyumba ambavyo havipo, na vingine vipo lakini si vyao. Wanafanya kazi kwa simu na mitandaoni, na wanamtafuta mgeni ambaye hajawahi kufika mji huu. Kama kuna mtu anakudai kianzio muda huu, subiri kwanza umalize kusoma.

Mtindo wao ni huu. Ukurasa wa Facebook au Instagram, au kundi la WhatsApp, unaweka picha za chumba kisafi: self, kiyoyozi, maji ya moto, maegesho ndani ya fensi. Bei wanaishusha kidogo tu chini ya ile ya kawaida, kwa sababu bei ya kutupa ingekushtua. Ukiuliza unajibiwa upesi na kwa adabu. Ukitaja tarehe ya kufika, ghafla vyumba vimejaa, kimebaki kimoja, na kuna mgeni wa Bunge anakitaka. Utume nusu kukishikilia. Ukituma, baada ya muda mfupi inakuja simu nyingine: mfumo haupokei nusu, tuma iliyobaki ili risiti itoke, ukifika mapokezi utarudishiwa ziada. Ombi hili la pili ndilo linaloumiza zaidi, maana mtu anatuma akidhani anaiokoa ile hela ya kwanza. Baada ya hapo namba yako inafungiwa na ukurasa unabadilishwa jina.

Wanachangamka zaidi Aprili hadi Juni, wakati wa Bunge la bajeti, ambapo wabunge, watumishi wa wizara na wageni wao wanagombania vyumba vilevile. Wanaibuka tena mwanzoni mwa Agosti kwa ajili ya maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, kisha vyuo vinapofungua. Ugumu wa kupata chumba katika miezi hiyo ni wa kweli, na ndiyo sababu uongo wao unaaminika.

Kinachowasaidia zaidi ni ramani ya Dodoma yenyewe. Uamuzi wa kuleta makao makuu hapa ulifanyika 1973, na mpango kabambe wa 1976 ulikusudia mji wa vitongoji vilivyotawanyika, vyenye maeneo ya wazi katikati yake. CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyosimamia viwanja hadi ilipovunjwa 2017, imetuachia majina kama Area A, Area C na Area D, ambayo mgeni akiyasikia anadhani ni kitu kimoja. Kwa hiyo tangazo linaposema "dakika tano kutoka mjini", halijakwambia chochote mpaka ujue mjini ni wapi na hizo dakika ni za nini. Tapeli anajua kwamba wewe hujui. Hata mwenye chumba halali lakini asiye mwaminifu anajua.

Anza na kule unakokwenda. Mji wa Serikali, zilipo wizara, upo Mtumba, takriban kilomita 17 mashariki mwa katikati ya mji, barabara ya Dar es Salaam. Bunge halipo Mtumba. Lipo ndani ya mji, barabara hiyohiyo lakini karibu zaidi na katikati. Ikulu ya Chamwino ipo mbele zaidi ya Mtumba, katika wilaya nyingine kabisa, na wakati huohuo ndani ya jiji ipo kata inayoitwa Chamwino. Mtu akikuuzia chumba "Chamwino, karibu na Ikulu", muulize ni Chamwino ipi, na akikwepa swali achana naye. Kabla ya kutafuta chumba, piga simu ofisi unayokwenda uulize kama wapo Mtumba au wana jengo mjini. Wapo wanaolipia siku tano Area C halafu kila asubuhi wanatoa nauli ya kwenda Mtumba, na wapo waliolala Ihumwa, upande wa Mtumba, ilhali kikao chao kilikuwa katikati ya mji.

Wanaouguza ndio wanaonaswa kirahisi kuliko wote, kwa kuwa wanatafuta usiku, wakiwa na hofu. Tangazo linasema "karibu na hospitali" tu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji wanaiita General, ipo mjini. Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nje ya katikati ya mji. Mirembe, ya afya ya akili, ni nyingine tena. Soma karatasi ya rufaa vizuri, kisha mwambie muuzaji akutajie jina la hospitali kabla wewe hujalitaja. Ukilitaja wewe kwanza atakubali tu.

Kwa usafiri, stendi kuu ya mabasi ipo Nzuguni, nje ya katikati ya mji, upande wa barabara ya Dar es Salaam. Nayo stesheni ya SGR si ile stesheni ya zamani ya mjini. Tangazo linalosema "jirani na stesheni" bila kusema ipi ni la kuulizwa maswali, hasa kama treni yako inaingia usiku na utahitaji bajaji.

Ramani hiyohiyo ndiyo silaha yako. Waulize swali ambalo mkazi analijibu bila kufikiri. Mfano, chumba kipo Ihumwa: "Nikitoka stendi ya Nzuguni kuja kwako, nitapita Bunge?" Mtu wa Ihumwa atakwambia papo hapo kwamba hapana, Bunge unaliacha upande wa mjini. Anayeuza akiwa mkoa mwingine atasitasita, au atasema "utaelekezwa ukifika". Halafu omba jina la barabara na namba ya nyumba. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba zilipewa namba na barabara zikapewa majina, na programu ya NaPA inaonyesha anwani hizo. Mwenye biashara asiyejua namba ya nyumba yake anaweza kuwepo, lakini huyo akatoke nje aisome mlangoni huku mkiwa kwenye simu.

Simu yenyewe iwe ya video, ya moja kwa moja. Video iliyorekodiwa haihesabiki, maana inaweza kuwa imechukuliwa kwenye ukurasa wa hoteli nyingine. Mwambie aanzie kitandani, afungue bomba la bafuni, awashe na kuzima taa, atoke hadi mapokezi akuonyeshe leseni ya biashara ukutani, kisha hadi getini aonyeshe bango, yote bila kukata. Mwenye gesti halisi hilo ni jambo dogo kwake. Picha nazo zina ushahidi wake. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ni nchi kavu ya majabali na mibuyu. Ukiona safu ya minazi nyuma ya dirisha, picha hiyo imetoka pwani. Pia pakia picha kwenye kitafutio cha picha cha Google uone kama imeshatumika kwingine.

Angalia na umri wa ukurasa. Facebook na Instagram zina sehemu ya taarifa za akaunti inayoonyesha ilifunguliwa lini na imewahi kubadilishwa jina mara ngapi. Ukurasa ulioanza ukiuza viatu, mwezi uliopita ukageuka "lodge" na sehemu ya maoni imefungwa, uache hapohapo.

Sasa hela, na hapa naomba umakini wako wote. Usitumie namba ya simu iliyoandikwa kwenye tangazo kulithibitisha tangazo hilohilo. Tafuta namba ya gesti hiyo mahali pengine. Lakini hata namba iliyopo kwenye ramani ya Google isikutoshe peke yake, kwa sababu mtu wa nje anaweza kupendekeza mabadiliko na namba ya tapeli ikaingia kwenye jina la gesti ya kweli. Fungua picha zilizowekwa na wageni waliopita, tafuta inayoonyesha bango la nje, soma namba iliyochorwa hapo. Zikifanana, piga. Zikitofautiana, piga ile ya bango na uwaulize kama wanamfahamu aliyekupa nyingine.

Kabla ya kuweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Lipa Namba huleta jina la biashara, na hilo ni afadhali. Jina la mtu binafsi peke yake halithibitishi utapeli, maana gesti nyingi ndogo hupokea kwa namba ya mwenye mali. Ila jina hilo lilingane na lile lililopo kwenye leseni uliyoonyeshwa kwenye video. Akisema "jina litakalotokea ni la mhasibu", "ni la shemeji", "laini ile ina shida, tuma kwenye namba hii", simama. Hosteli za vyuo vya serikali hulipiwa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali. Mwanafunzi mpya anayeahidiwa kitanda UDOM kwa kumtumia mtu hela kwenye simu yake binafsi anaibiwa.

Kama lazima uweke kianzio, weka cha usiku mmoja tu, na risiti uipate siku hiyohiyo. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inahakikiwa kwenye tovuti ya TRA. Ukipata chumba kupitia tovuti ya kubuku na mwenyeji akakuomba mlipane nje kwa simu "ili upate punguzo", kinga ya tovuti hiyo inaisha pale unapokubali. Safari ikiahirishwa na ukaomba hela yako, wengine watakwambia utume kwanza ada ya kurudishia, au uwatajie namba ya siri wakurudishie wenyewe. Usitume, usitaje.

Wanaotafuta chumba au nyumba ya mwezi na zaidi wana hatari yao. Tapeli anapanga apatimenti ya kulala siku mbili, anapata funguo, kisha anawaleta watu mmoja baada ya mwingine kuiona kama mali yake. Wote wanalipa kodi na kukutana getini siku ya kuhamia. Umeiona nyumba kwa macho yako na umeshika funguo, bado umeibiwa. Kinga ni kwenda ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kulipa, uulize nyumba ile ni ya nani, na mkataba uandikwe ukiwa na jina hilo. Mwombe mwenye nyumba ankara ya maji ya DUWASA uone imetoka kwa jina gani. Gonga na mlango wa jirani. Majirani wanajua kama pale hupangishwa kwa siku. Kwa dalali, hela ya kuonyeshwa ni yake na harudishi hata kama nyumba haikukufaa, kwa hiyo usiilipe ukiwa bado mkoani kwako, na kodi usimpe yeye.

Kuna na wale wenye vyumba vya kweli wanaodanganya kuhusu huduma. Hilo la "maji muda wote" lipime kwa hesabu. Dodoma ni kukavu na mgao wa maji upo, hivyo uliza tenki ni la lita ngapi na linahudumia vyumba vingapi. Lita 1,000 kwa vyumba kumi ni lita 100 kwa chumba. Maji yakikatika leo, kesho asubuhi unaoga kwa ndoo. Uliza pia saa ya kutoka, kwa kuwa gesti nyingi zinahesabu siku hadi saa nne asubuhi, na anayeingia saa nane usiku anaweza kudaiwa siku mbili.

Ukifika, kuna mtego wa mwisho. Bajaji au bodaboda pale stendi anakwambia gesti yako imejaa, imefungwa, au barabara haipitiki, ila yeye anajua nyingine nzuri. Anafuata cha juu chake. Piga mapokezi mbele yake. Na mapokezi wenyewe wakisema chumba chako kimechukuliwa na mheshimiwa, wakupeleke "tawi letu", usipande gari kabla hawajakuandikia tawi lipo mtaa gani na kwa bei gani. Tawi likiwa Nala na wewe unahitajika Mtumba, umehamishiwa upande wa pili kabisa wa jiji. Dai hela yako.

Kama umeshatuma, dakika zina thamani. Piga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, ukiwa na namba ya muamala mkononi, uombe hela izuiwe kabla haijatolewa kwa wakala. Usimpigie tapeli kumgombeza, utamharakisha kuitoa. Ripoti namba yake TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe, si lazima Dodoma, ukafungue taarifa na upewe RB, yaani namba ya taarifa yako polisi. Mtandao wa simu utaihitaji ili kuendelea, na kosa lenyewe limo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Beba picha za skrini za mazungumzo yote, kiungo cha ukurasa, jina lililotokea wakati wa kutuma na ujumbe wa muamala. Vipige picha kabla hujamwonyesha kuwa umegundua, kwa sababu WhatsApp inamruhusu kufuta alichokuandikia.