Vijitabu vilivyonisaidia kumuuguza baba mwenye mayeloma: uzoefu wangu

Baba alianza na maumivu ya mgongo. Karibu mwaka mzima tulimchua na kumnunulia diklofenaki duka la dawa la mtaani, tukidhani ni uzee. Alipopimwa uboho wa mifupa, jibu likawa mayeloma, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho. Nilirudi Morogoro na karatasi za vipimo nisizoelewa hata mstari mmoja.

Mtandaoni nilikutana na mengi, mengine ni ya wauza mitishamba tu. Yaliyonifaa ni vijitabu vya International Myeloma Foundation, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 1990, na vya Myeloma UK ya Edinburgh. Vyote unapakua bure.

Kile cha vipimo nilikisoma usiku kucha, karatasi za baba zikiwa pembeni. Kreatinini inaonyesha hali ya figo. Kalsiamu ikipanda, huenda mifupa inaliwa. Protini ya M inatoka kwenye chembe zenyewe za saratani, ndiyo maana madaktari huifuatilia kujua kama dawa zinafanya kazi. Halafu nikafika kwenye dawa za maumivu, moyo ukanipasuka: diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuziumiza figo ambazo tayari zimeelemewa na protini hiyo. Asubuhi nikamuuliza daktari. Akaisimamisha siku hiyo hiyo, akampa nyingine. Nikamuuliza na habari ya kunywa maji mengi kusaidia figo, akaruhusu lita 3 kwa siku.

Jingine ni deksamethasoni, dawa ya steroidi anayopewa kutibu mayeloma. Siku za kuimeza baba halali, anafoka ovyo, na mama alikuwa akilia jikoni. Kijitabu kinaeleza kwamba dawa hiyo hukosesha usingizi na kubadili hisia za mtu, na kwamba kuimeza asubuhi pamoja na chakula husaidia. Nilimsomea mama sehemu hiyo mara mbili. "Kumbe si yeye," akasema.

Kasoro ipo. Nilivyosoma mimi ni vya Kiingereza, na wazazi wangu hawakijui. Vya Myeloma UK vina lugha nyepesi, anza navyo. Kurasa za dawa mpya zilinitia unyonge, maana bei zake kwetu hazishikiki, hizo nilizipita.

Yaliyobaki niliyaandika kwa Kiswahili kwenye daftari la kurasa 96. Sasa baba analishika mwenyewe. Akitoka kliniki ananipigia, kabla sijamwamkia anasema, "Mwanangu, kreatinini imeshuka."