Miezi tisa na seti ya ramani za mbao: uzoefu wangu wa kufundisha mabara nyumbani

Nina watoto wawili, binti wa miaka minane na mdogo wake wa miaka mitano. Kwa miezi tisa sasa tumekuwa tukijifunza dunia mezani, bara moja baada ya jingine. Tunatumia seti yenye ramani sita za vipande vya mbao, kadi za nchi, tufe la dunia na ramani kubwa ya kubandika ukutani. Kwa mzazi anayejiuliza kama seti ya namna hii inafaa: inafaa sana, ila usifuate mpangilio wa kijitabu chake, na jiandae kuirekebisha hapa na pale.

Kijitabu kinataka uanze na bara kubwa kuliko yote, Asia, ushuke kwa ukubwa hadi Australia. Tulijaribu. Kufikia wiki ya pili binti yangu alikuwa amechoka kabisa. Nchi ni zaidi ya 40, na vipande vya kando ya Ghuba ya Uajemi ni vidogo kama kucha. Nikaifunga Asia, nikafungua Amerika Kusini, na hapo ndipo somo lilipoanza kweli.

Amerika Kusini ina nchi 12 tu, ukiacha Guyana ya Ufaransa ambayo ni sehemu ya Ufaransa hadi leo. Vipande vyake vinajaza kiganja. Siku ya tatu binti yangu aliweka kipande cha Brazili katikati ya meza, akawa anakizungushia majirani zake mmoja mmoja. Mwishoni akabaki na vipande viwili mkononi, Chile na Ekwado. "Mama, hawa wawili hawamgusi Brazili." Mimi nilisoma jiografia ya kukariri miaka mingi na sikuwahi kuliona hilo. Nchi nyingine zote za bara lile zinapakana na Brazili, na mtoto alilijua kwa vidole kabla hajaambiwa na mtu. Mdogo wake naye akapitisha kidole pembeni mwa bara zima, kando ya maji, huku nikimtajia nchi anazozipita. Alipomaliza mzunguko, Bolivia na Paragwai hazikuwa zimetajwa. Siku hiyohiyo alielewa maana ya nchi isiyo na bahari, na sijalazimika kumweleza tena.

Tulikaa hapo mwezi mzima. Kipimo changu cha kuhamia bara jingine ni mfuko wa kitambaa: natia vipande vyote ndani, mtoto anafumba macho, anachomoa kimoja na kukitaja kwa kukipapasa. Chile hutambulika mara moja, ni ndefu na nyembamba kuliko zote. Mtoto akiweza kutaja vingi bila kuona, bara limeshamkaa, hata ukilirudia baada ya miezi mitatu.

Kwenye Afrika nilikuta kasoro iliyonikera kwelikweli. Kipande cha Sudan ni kimoja, ilhali Sudan Kusini ilipata uhuru wake Julai 2011. Kadi ya Eswatini nayo bado inasema Swaziland, jina lililobadilishwa mwaka 2018. Nimewaandikia watengenezaji na sijapata jibu. Kitu kinachouzwa kwa ajili ya kufundisha watoto hakipaswi kubaki nyuma kiasi hicho. Tulinakili mpaka kutoka kwenye atlasi mpya, nikakata kipande kwa msumeno mwembamba, tukapiga msasa, na binti yangu akapaka rangi upande wa kusini. Tangu hapo huuliza kila mpaka uliwekwa lini na nani, swali ambalo kijitabu chote hakina. Angalizo jingine: Gambia ni kijiti chembamba ndani ya Senegal, na ndicho kipande cha kwanza kupotea. Lesotho, iliyozungukwa yote na Afrika Kusini, nimeifungia kwenye bahasha yake.

Kuhusu ramani ya ukutani, nawasihi msiibandike mpaka watoto wamelizoea tufe. Ni ramani ya Mercator, na juu yake Greenland inaonekana karibu sawa na Afrika. Tulichukua karatasi inayopitisha mwanga, tukachora Greenland kutoka kwenye tufe, tukaikata na kuilaza juu ya Afrika ya tufe hilohilo. Ikamezwa. Kwa hakika Afrika ni kubwa kama mara 14 ya Greenland. Binti yangu akauliza kama ramani imedanganya. Nilimweleza kwamba Gerardus Mercator aliichora mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia: ukichora mstari mnyoofu juu yake, nahodha anaweza kuufuata kwa dira bila kubadilisha uelekeo. Ili mistari inyooke hivyo, sehemu zilizo mbali na ikweta zinavutwa na kutanuliwa. Ni nzuri kwa safari ya meli, haifai kulinganisha ukubwa.

Tufe ndilo linalobeba seti nzima. Maandishi yake ni madogo mno, lakini linachomoka kwenye stendi, na hilo lilituokoa tulipofika Antaktika, bara lisilo na ramani ya vipande. Ukutani lilikuwa utepe mweupe chini kabisa. Tulipolipindua tufe, likawa bara la mviringo, kubwa kuliko Ulaya. Mdogo akauliza rais wa huko ni nani. Hakuna. Mkataba uliotiwa saini na nchi 12 mwaka 1959 umeliacha bara lile kwa ajili ya amani na utafiti wa kisayansi.

Kadi sizipendi. Zimejaa bendera na idadi ya watu, na watoto hukariri bendera bila kujua nchi iko wapi. Nimebakiza za miji mikuu tu, kwa sababu ya mambo kama Canberra, mji mkuu wa Australia, ambao wengi hudhani ni Sydney.

Sasa tumeirudia Asia, na safari hii inakwenda vizuri. Kipande cha Urusi kimewekwa kwenye ubao wa Ulaya, ingawa sehemu kubwa ya nchi hiyo iko mashariki ya Milima ya Ural, kwa hiyo tunaziweka mbao mbili bega kwa bega. Jana mdogo alipitisha tena kidole kando ya maji, akiizunguka Bahari ya Kaspi. Mara hii alitaja mwenyewe: Urusi, Kazakhstan, Turkmenistan, Iran, Azerbaijan. Akauliza maji yake yanatokea wapi kwenda kwenye bahari kubwa. Sikumjibu. Akazunguka mara ya pili, polepole, akitafuta mlango.