Kuseti taa za mbele kwa mashine: gari liandae kabla hujafika gereji

Huduma yenyewe naipa nyota nne. Mashine ni kisanduku chenye lenzi kinachosogezwa mbele ya taa. Fundi anatazama mwanga unapoangukia kwenye mistari ya ndani, kisha anazungusha skrubu ya juu na chini, halafu ya kushoto na kulia. Nyota ya tano nimeizuia kwa kuwa hakuna aliyeuliza upepo wa tairi wala kufungua buti. Mashine hupima gari lilivyosimama. Likisimama kombo, litasetiwa kombo kwa usahihi mkubwa.

Hesabu yake ni hii. Taa za dimu huinamishwa takriban asilimia 1, yaani sentimita 1 kwa kila mita. Toyota Fielder ina mita 2.6 kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. Mzigo ukiilaza nyuma sentimita 2.6 tu, pua inanyanyuka kwa asilimia 1 hiyohiyo na mwinamo wote umeliwa. Ndiyo maana watu wanakupigia fulu ilhali uko kwenye dimu.

Basi toa mizigo, ila tairi la akiba na jeki viache mahali pake. Tenki lifike nusu. Upepo ujazwe kwa kipimo cha kibandiko cha mlango wa dereva, tairi zikiwa za baridi. Gari lililotoka kwenye jeki lisogeze mbele na nyuma, kisha ulibonyeze kila kona mara tatu ili springi zikae. Wakati wa kuseti keti wewe kwenye usukani. Kile kigurudumu cha dashibodi kinachoshusha mwanga wa taa kiwe 0. Kikisahauliwa kwenye 3, siku utakapokirudisha mwanga utapaa.

Kinachosumbua zaidi ni globu. H4, aina ya globu yenye dimu na fulu pamoja, ina masikio matatu ya bati, lile pana hukaa juu. Sikio moja lisipoingia kwenye nafasi yake, ukutani unaona mwanga uliotapakaa, hauna mstari wa kutenga mwanga na giza, na hapo skrubu utazungusha hadi kesho. LED za bei poa kwenye taa ya halojeni zina ugonjwa uleule: chipu hazikai pale ulipokuwa waya wa globu. Rudisha halojeni kwanza. Kioo kilichogeuka njano nacho kisuguliwe kabla.

Skrubu za plastiki za magari ya zamani hukauka na kukatika meno, kwa hiyo bisibisi ya nyota iende taratibu.

Ukirudi nyumbani hakikisha mwenyewe. Simamisha gari pahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, na uchore kwa chaki kimo cha katikati ya taa. Mstari wa mwanga uwe sentimita 5 chini ya chaki, ukipanda kidogo upande wa kushoto, maana sisi tunaendesha kushoto. Ukipanda kulia, taa hizo ni za gari la usukani wa kushoto. Hakuna skrubu ya kugeuza hilo. Tafuta taa nyingine.